Staa Akisema Uongo Kuhusu Wayahudi, Redio Ifanye Nini?

SWALI: Mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha burudani cha asubuhi katika redio moja ya FM hapa Mbeya. Kila baada ya muda staa fulani wa Marekani anasema Wayahudi ndio wanaomiliki benki, wanaendesha muziki au wanapanga nani ashinde uchaguzi. Klipu inatufikia kabla ya chai. Wiki iliyopita msanii mmoja wa hapa nyumbani alikuwa studio akairudia kauli hiyo mubashara. Mtangazaji wangu akacheka, akapiga wimbo, na simu zikamiminika za kuunga mkono. Bosi anasema tuendelee kwa sababu klipu hizi zinaleta watu. Tukiripoti tunaeneza, tukinyamaza watu wanazo tayari WhatsApp. Tushike lipi?

JIBU: Ndugu mtayarishaji, umeuliza kama muiripoti kauli, muiripoti vipi, na mfanye nini ikitokea hewani. Yote yanasimama juu ya msingi mmoja: kauli ya mtu maarufu ni tukio, haijawa ushahidi. Umaarufu wa msemaji unathibitisha jambo moja tu, kwamba amesema. Mwanamuziki ni chanzo halali kuhusu albamu yake, mkataba wake na ziara yake. Kuhusu nani anamiliki benki za dunia, au kura za jimbo la Georgia kule Marekani zilihesabiwaje, hana tofauti na abiria wa kiti cha nyuma kwenye daladala la Uyole. Kipindi kikimpa nafasi ya mtaalamu kwa sababu ana wafuasi milioni kadhaa, kosa limeshafanyika hata kabla ya kuulizana habari za maadili.

Bosi wako huenda anaona haya ni maneno ya burudani tu. Mwambie vyombo vya habari vimo ndani ya chuki hii tangu mwanzo wake wa kisasa. Mwaka 1903 gazeti la Znamya la St Petersburg lilichapisha maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha wazee wa Kiyahudi wakipanga kuitawala dunia. Kikao hicho hakikuwahi kuwepo. Mei 1920, The Times la London, gazeti lenye heshima kubwa wakati ule, likayaandikia makala bila kusema ni ya kweli wala ya uongo. Lilitaka tu uchunguzi ufanyike. Ndiyo ile “sisi tunauliza tu” tunayoisikia redioni hadi leo. Agosti 1921 gazeti hilohilo likajisahihisha. Mwandishi wake aliyekuwa Istanbul, Philip Graves, aliweka aya za maandishi yale bega kwa bega na aya za kitabu cha mwaka 1864 cha Mfaransa Maurice Joly, akaonyesha kwamba yameibwa humo. Kitabu cha Joly kilikuwa kikimsema Napoleon III, mtawala wa Ufaransa wa wakati ule. Wayahudi hakikuwahusu kabisa.

Usahihisho huo ulikuwa kazi safi, lakini ulichelewa miezi 15. Katika muda huo Henry Ford, tajiri wa magari na staa wa zama zake, alikuwa akiwashambulia Wayahudi kila wiki katika gazeti lake, Dearborn Independent. Mfululizo ulianza Mei 1920 ukaenda matoleo 91, na wauza magari yake waliligawa gazeti kwa wateja. Aliomba radhi mwaka 1927 baada ya wakili Aaron Sapiro kumshtaki kwa kashfa, na gazeti likafungwa mwaka huohuo. Makala zilikuwa zimeshakusanywa kuwa vitabu na kutafsiriwa Kijerumani, na Hitler alimtaja Ford kwa sifa katika kitabu chake mwenyewe. Baadaye, chini ya utawala wa Hitler, Wayahudi wapatao milioni 6 wakauawa. Hakuna makala moja iliyofanya hayo peke yake. Ila mtu aliyesoma jambo lilelile mara 91, kutoka kwa tajiri aliyemheshimu, halioni tena kuwa dai. Analiona kuwa jambo linalojulikana.

Wasikilizaji wenu wataielewa hatari hii mkiwakumbusha mumiani. Mwaka 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, ambacho kiko Dodoma, watafiti wa udongo na dereva wao waliuawa na watu walioamini kwamba ni wanyonya damu. Uzushi kwamba Wayahudi wanachukua damu ya watoto una mizizi yake katika tuhuma ya Norwich, Uingereza, kuhusu mtoto aliyekufa mwaka 1144, na kwa karne nyingi watu walichomewa nyumba na kuuawa kwa sababu yake. Ni uzushi wa ukoo mmoja. Hata hadithi za Frimasoni zinazosemwa juu ya kila msanii wetu aliyenunua gari jipya zina undugu na maandishi yale ya 1903, kwani yaliwataja Wayahudi na Frimasoni kama washirika wa njama moja.

Kwa wale watakaosema mwanamuziki hawezi kuleta madhara, mfano uko Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15, Desemba 2008, kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyotangaza kwa kipaza sauti akiwa kwenye msafara barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Watu walimjua na kumpenda, na kwa hiyo sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mpita njia. Ndiyo maana Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2012, unaotumika kupima kama kauli imefikia uchochezi, unataka hadhi ya msemaji ipimwe pamoja na mazingira, nia, maudhui, upana wa hadhira na uwezekano wa madhara. Kadiri mtu anavyosikilizwa zaidi ndivyo mhariri anavyopaswa kuwa mwangalifu zaidi naye. Vyumba vingi vya habari hufanya kinyume: jina likiwa kubwa, uhakiki unapungua.

Sasa tuje kwenye kazi. Klipu imeingia saa 12 na nusu asubuhi, kipindi kinaanza saa 1. Tafuteni kwanza rekodi nzima, si kipande cha sekunde 20. Angalieni ni ya lini, maana klipu za miaka mitatu iliyopita hurudi kila mara kama habari ya jana. Pigeni picha ya skrini mahali uso unapoonekana vizuri, muitafute kwa Google Lens muone ilitokea wapi mara ya kwanza. Sikilizeni kama midomo na sauti vinakwenda pamoja. Februari 2025, baada ya Ye, yaani Kanye West, kuuza fulana zenye alama ya Wanazi kwenye tovuti yake, ilisambaa video ya mastaa wa Kiyahudi wakimpinga kwa ishara ya kidole. Ilikuwa imetengenezwa kwa akili bandia. Scarlett Johansson, ambaye sura yake ilitumika bila ridhaa, alilalamika hadharani. Klipu ikikubaliana na msimamo wenu haimaanishi kwamba ni ya kweli.

Ikithibitika, jiulizeni kimetokea nini baada ya kauli. Kuna mkataba umevunjika? Kesi imefunguliwa? Timu imemsimamisha, au kuna watu wameshambuliwa? Kama kuna tokeo, hiyo ni habari, na habari yenyewe ni tokeo. Kama hakuna, jiulizeni swali la pili: imeshafika kwa wasikilizaji wetu? Mtu mmoja kukuonyesha simu haitoshi. Ikiwa vijana wa bodaboda pale Kabwe wanaijadili, au mmeulizwa na watu kadhaa kwenye namba ya kituo, imefika, na hapo kazi yenu ni kufafanua. Kama haina tokeo na haijafika, iacheni. Mkiitangaza nyinyi ndio mtakaokuwa mmeileta Mbeya. Na kama imefika lakini ukweli wake bado hamna mkononi, subirini. Hakuna msikilizaji wa Mwanjelwa atakayepungukiwa na kitu kwa kuisikia saa 4 badala ya saa 1.

Mwaka 2022 ulitoa mifano miwili ya kujifunzia. Oktoba mwaka ule Ye aliandika mtandaoni vitisho dhidi ya Wayahudi, na tarehe 25 Adidas ikavunja mkataba naye. Hiyo ilikuwa habari kamili: kampuni, mkataba, fedha. Mwezi huohuo mcheza kikapu Kyrie Irving alisambaza kiungo cha filamu iliyojaa uzushi juu ya Wayahudi. Timu yake, Brooklyn Nets, ikamsimamisha tarehe 3 Novemba, akakosa mechi 8. Hiyo nayo ni habari. Lakini vyombo vingi viliitaja filamu kwa jina na kuieleza kwa kirefu, na ikapanda kwenye orodha za mauzo za Amazon. Watu ambao wasingeijua maisha yao yote wakaitafuta. Msiitaje filamu, msiweke kiungo, msionyeshe jalada. “Filamu yenye madai ya uongo juu ya Wayahudi” inamtosha msikilizaji kuelewa kwa nini mtu amesimamishwa.

Lugha ndiyo sehemu tunayokosea sana sisi waandishi wa Kiswahili, na tunakosea kwa vitenzi. Ukiandika staa “afichua”, “aanika” au “atoboa siri”, umeshasema kwamba siri ipo na ni ya kweli, kwa sababu huwezi kufichua kisichokuwepo. “Afunguka” kunampa sifa ya ujasiri, kama mtu aliyekuwa amezuiwa asiseme. “Awachana Wayahudi” kunashangilia. “Adai” ni nafuu, lakini peke yake kunaacha mlango nusu wazi: huenda ni kweli, huenda si kweli. Dai ambalo uongo wake unajulikana tangu 1921 haliachwi nusu wazi. Weka “bila ushahidi” au “uongo” palepale ubavuni mwa dai, ndani ya sentensi hiyohiyo. Usiuweke katika aya ya sita, ambayo anayesoma kichwa cha habari kwenye simu hataifikia.

Msiwe watumwa wa kunukuu pia. Si lazima maneno yake yasikike yalivyo. Semeni aina ya kauli: “maneno ya chuki”, “vitisho”, “kumsifu Hitler”. Nukuu ya moja kwa moja itumike tu pale ambapo neno lenyewe ndilo linalogombaniwa, kwa mfano mahakamani. Katika tafsiri, tazameni msije mkaongeza ukali au mkaupunguza. Kauli ya Kimarekani iliyofichwa ndani ya mzaha hutoka kwa Kiswahili kama tangazo la vita, au hupoteza sumu yake yote ikabaki kichekesho. Mtu mwingine anayejua Kiingereza aisikilize klipu bila kuiona tafsiri yako, kisha mlinganishe.

Habari ya Adidas, kwa redio, ingesomwa hivi:

“Kampuni ya Ujerumani ya Adidas imevunja mkataba wake na mwanamuziki wa Marekani Ye, aliyejulikana zamani kama Kanye West, kwa sababu ya kauli zake za chuki dhidi ya Wayahudi. Adidas inasema hatua hiyo inaweza kuipunguzia faida ya mwaka huu kwa hadi euro milioni 250. Wiki mbili zilizopita Ye aliandika vitisho dhidi ya Wayahudi, kisha akadai bila ushahidi wowote kwamba wao ndio wanaoendesha vyombo vya habari. Huo ni uzushi wa zamani, uliotumiwa na Wanazi kuhalalisha mauaji ya Wayahudi milioni 6. Adidas imesimamisha pia uzalishaji wa viatu vyake vya Yeezy.”

Ni kama sekunde 40. Sentensi ya kwanza ina tokeo na sababu, na neno “chuki” limo. Dai limetajwa mara moja, katikati, limezungukwa na “bila ushahidi” na “uzushi”. Sauti yake haipo. Redio ina tabia ambayo gazeti halina: abiria anapanda daladala Mafiati habari ikiwa katikati, anashuka kabla haijaisha. Mkipiga klipu ya sekunde 30 na ufafanuzi wa sekunde 10, wengi watakuwa wameisikia klipu tu. Na kusikia kuna nguvu yake. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwasomea wanafunzi sentensi kadhaa mara tatu kwa wiki tofauti, baadhi zikirudiwa na nyingine zikiwa mpya. Zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, za kweli na za uongo sawasawa. Kwa hiyo msirudie dai ili kulikanusha mara nne. Lisemwe mara moja, ukweli usemwe mara mbili, mwanzo na mwisho.

Kwa ukweli huo, tengenezeni karatasi moja ya A4 ibandikwe ukutani kando ya miksa, kwa sababu mtangazaji aliyeshtushwa hewani hana muda wa kutafuta. Iandikwe hivi, kwa kifupi. Wayahudi duniani ni kama milioni 15 hadi 16, katika watu zaidi ya bilioni 8. Benki nne kubwa kuliko zote duniani kwa rasilimali ni za China, na mwenye hisa nyingi ni serikali ya China. Hapa kwetu benki zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hutaja wanahisa wao wakubwa katika ripoti ya mwaka, kwa hiyo anayeuliza benki ni ya nani atapata jibu kwa kusoma. Kwa nini basi Wayahudi walihusishwa na fedha? Katika Ulaya ya zamani walikatazwa sehemu nyingi kumiliki ardhi na kuingia vyama vya mafundi, huku kanisa likiwakataza Wakristo kukopesha kwa riba. Wachache wao wakasukumiwa kwenye ukopeshaji, na chuki ya mdaiwa kwa mkopeshaji ikawaangukia wote. Sentensi hii ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kuliko takwimu. Msikilizaji akielewa uongo ulitoka wapi anauacha kwa urahisi kuliko akiambiwa tu ni uongo.

Chini ya karatasi hiyo wekeni maneno manne na maana zake: Myahudi, Mwisraeli, Mzayuni, serikali ya Israel. Myahudi ni mtu wa jamii na dini yenye watu wake Marekani, Ufaransa, Ethiopia, na hata jirani kwetu Uganda, ambako Waabayudaya wa Mbale wanaifuata dini hiyo tangu 1919. Mwisraeli ni raia wa Israel, na baadhi yao ni Waarabu, Waislamu na Wakristo. Mzayuni ni mfuasi wa wazo la taifa la Wayahudi, na si kila Myahudi ni Mzayuni wala si kila Mzayuni ni Myahudi. Serikali ya Israel ni serikali, inakosolewa kama serikali nyingine yoyote. Mambo haya yanatugusa. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio la 7 Oktoba 2023, na wasikilizaji wenu wamefuatilia kwa uchungu mauaji ya maelfu ya Wapalestina Gaza. Msanii akisema “naipinga serikali ya Israel kwa mabomu ya Gaza”, ametoa maoni ya kisiasa. Mpeni nafasi, na muiripoti kauli yake kwa haki. Akisema “Wayahudi ndivyo walivyo”, amevuka. Maana ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyopendekezwa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa kimataifa wa kukumbuka mauaji ya Wayahudi, inasema wazi kwamba kuikosoa Israel kama inavyokosolewa nchi nyingine si chuki dhidi ya Wayahudi. Kumzibia mdomo anayelilia watoto wa Gaza kwa kisingizio cha kupinga chuki ni kosa lingine, tena kubwa.

Mpaka ukififia, badilisheni jina. Chukueni sentensi yake, mahali pa “Wayahudi” muweke “Wahehe” au “Wanyakyusa”. “Wanyakyusa ndio wanaomiliki benki zote na kupanga nani awe rais.” Mtangazaji yeyote wa Nyanda za Juu Kusini ataiona sentensi hiyo kuwa hatari kabla hajamaliza kuisoma. Hiyo ndiyo sentensi aliyoicheka mtangazaji wako.

Kuhusu mubashara. Kinga bora inaanza kabla ya taa nyekundu kuwaka. Mgeni akifika aambiwe kwa heshima: hapa hatusingizii kabila, dini wala taifa, na ukidai jambo la siasa tutakuuliza ushahidi palepale. Dakika moja inatosha. Kama mna kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde kadhaa, kitumieni kwa kila mgeni, msichague. Vituo vingi vidogo havina, na hapo fundi mitambo awe na mkono kwenye kitelezi cha maikrofoni ya mgeni, wakiwa wamekubaliana ishara na mtangazaji. Mgeni akitamka, mtangazaji asicheke, asikimbilie wimbo. Wimbo baada ya kauli ni kibali. Aseme kwa sauti ya kawaida: “Hapo nakukatisha kidogo. Ulilosema kuhusu Wayahudi si kweli. Ni uzushi wa zamani, umeshaua watu wengi, na hapa hatumsingizii mtu yeyote kwa asili yake. Turudi kwenye kazi yako mpya.” Akirudia, kitelezi kinashuka, mtangazaji anaeleza kwa nini, mahojiano yanaishia hapo. Msibishane naye dakika kumi. Katika ubishi redioni anayepaza sauti huonekana mshindi, na staa ana sauti.

Simu za wasikilizaji zina hatari zaidi kuliko mgeni, kwa kuwa hamjui ni nani anayekuja. Kosa baya kuliko yote ni kuuliza: “Je, ni kweli Wayahudi wanaitawala dunia? Tupigie!” Ukweli haupigiwi kura. Mkitaka mjadala, swali liwe kama hili: kwa nini uzushi huu unapendwa? Na awepo mtu anayejua. Chuo cha Mkwawa pale Iringa kina walimu wa historia, na kwa simu wanafika studio ya Mbeya bila nauli. Jiandaeni pia na anayepiga akinukuu Biblia kwamba Wayahudi walimuua Yesu, maana huku kwetu simu hiyo itakuja. Msimbeze. Mjibuni kwamba Kanisa Katoliki, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 28 Oktoba 1965, lilisema kifo hicho hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Mchungaji au padri mnayemwamini akilisema hilo kwa dakika mbili, litasikilizwa kuliko mkilisema nyinyi.

Bosi wako anayetaka watu aelezwe gharama. Kituo cha Fox News cha Marekani kiliwapa nafasi wageni waliodai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziliiba kura za uchaguzi wa rais wa 2020. Kujitetea kwamba waliosema ni wageni hakukukiokoa. Aprili 2023 kilikubali kuilipa Dominion dola milioni 787.5 ili kesi ya kashfa iishe. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha kwa njia ya kompyuta habari za uongo, maudhui ya ubaguzi wa rangi, na kukana au kuhalalisha mauaji ya kimbari. Ukurasa wenu wa Facebook na kundi la WhatsApp vinaingia humo. Na si Wayahudi tu. Msanii akidai hewani kwamba mgombea fulani wa udiwani amenunua kura, bila karatasi wala shahidi, kurudia kwenu ni kutangaza kwenu. Mtafuteni anayetuhumiwa kabla ya kurusha. Asipopatikana na ushahidi haupo, hakuna habari.

Mkichapisha mtandaoni, picha isiwe ya staa akitabasamu jukwaani na maneno yake juu ya kifua chake. Hilo ni bango lake, na watu watalikata na kulisambaza bila maandishi yenu. Saa mbili za kwanza awepo mtu wa kusoma maoni. Yanayotukana yafutwe. Yanayouliza kwa dhati yajibiwe, kwa sababu hao ndio mnaowafanyia kazi.

Kipindi cha wiki iliyopita hakijaisha. Fungueni rekodi, mwandike neno kwa neno alichosema mgeni na saa aliyosema, na mnakili rekodi hiyo mahali salama, ili likija lalamiko Baraza la Habari au TCRA, mamlaka ya mawasiliano, msikilize badala ya kubishana kwa kumbukumbu. Kama kipande kiko kwenye ukurasa wenu, kiondoeni na mahali pake mweke maelezo ya kwa nini kimeondolewa. Kilichokwisha kusambazwa WhatsApp hakitarudi, kwa hiyo tumeni usahihisho wa sauti, usiozidi sekunde 40, kwenye makundi yaleyale. Hewani urushwe siku ileile ya wiki, saa ileile, na asome mtangazaji aliyecheka: “Wiki iliyopita, saa kama hii, mgeni wetu alisema jambo la uongo kuhusu Wayahudi, nami sikumsahihisha. Nilikosea. Wayahudi hawamiliki benki za dunia. Uzushi huo ulitengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na umetumika kuua watu.” Msilitaje jina la msanii. Mpigieni yeye nje ya hewa, mumtumie picha ya ile karatasi ya A4, na mumwambie kwamba nafasi ya kurudi na kujisahihisha mwenyewe ipo wazi.